Maembe ya Bani la Malale

Tabora,
12 Novemba 1995

Mwalimu Eufrazia,

Shikamoo. Huenda hunikumbuki. Mimi ni Nyanzala binti Malale, wa kile kijiji cha upande wa Sibwesa ulikokuwa unakuja kufundisha akina mama wakati ukiwa Bibi Maendeleo. Nilikuwa na miaka kumi ulipoacha kuja. Sasa nafundisha shule ya msingi hapa Tabora. Mume wangu ni Fabiani, fundi wa reli, na tuna watoto wawili, Gabrieli na Mary. Anwani yako nimepewa na sista mmoja aliyetoka Mpanda. Ameniambia miguu imevimba na hutoki tena nje. Pole sana.

Nina jambo dogo ambalo limenikaa kooni. Mama yangu mzazi unamjua, Pudensiana. Tangu baba alipomrudisha kwao Mpimbwe baada ya kifo cha mdogo wangu Minza, sijakanyaga kwake. Kila mwaka ananitumia kifurushi cha maembe na ndizi alizokausha. Kinapanda lori mpaka Mpanda, halafu treni mpaka hapa, na kila mwaka nakitupa chooni bila kukifungua. Mtu aliyemlisha sumu mtoto wa mke mwenzake, chakula chake nitampa nani?

Mwaka huu kilifika nikiwa kazini. Niliporudi mchana nikawakuta watoto wamekifungua, wamekula nusu. Niliwakalisha mkekani, nikakaa mbele yao. Fabiani akarudi jioni akatukuta hivyo hivyo.

"Mnafanya nini nyie?"

"Nangoja watapike."

"Wamekula embe, Nyanzala. Au unangoja wafe ili uwe umesema kweli?"

Hawakutapika. Kesho yake Mary akaniuliza, "Mama, bibi wa maembe ana duka?" Wanataka mengine. Biskuti wanazisukuma pembeni.

Maembe hapa Tabora yanaoza barabarani, watu wanayakanyaga. Nataka nikaushe mwenyewe, watoto wapate kitu kizuri cha kutafuna kisicho pipi, na wamsahau huyo bibi. Wewe ndiye uliyewafundisha wote, hata yeye. Naomba unifundishe na mimi kwa barua.

Wako,
Nyanzala Malale


Kashaulili, Mpanda,
27 Novemba 1995

Mwanangu Nyanzala,

Marahaba. Nakukumbuka. Ulikuwa unakaa mlangoni wakati wa somo na kula maganda.

Chagua embe lililoiva lakini bado gumu ukilibonyeza. Lililolainika litatoa maji siku tatu na halitakauka. Osha, menya, kata vipande vyenye unene wa kidole chako kidogo, vyote sawa, maana vikitofautiana vyembamba vitaungua kabla vinene havijafika katikati. Kamulia limao kwenye maji, vitumbukize kwa muda wa kusali Baba Yetu mara tano, kisha chuja. Hapo rangi haitakuwa nyeusi. Usitie sukari. Embe lina ya kwake.

Panga kwenye ungo safi, kipande kisiguse kingine. Weka ungo juu ya kichanja kilichofika kiunoni, mahali penye jua na upepo, ufunike kwa kitambaa cha chandarua ili nzi wasikae. Geuza saa sita na saa kumi. Ingiza ndani kabla ya umande. Siku ya tatu au ya nne chukua kipande ukikunje. Kikikunjika bila kukatika, na kisiponata kwenye vidole, kimekauka. Kiache kipoe kabisa ndipo uweke kwenye chupa yenye mfuniko. Ndizi mbivu na nanasi vinafuata njia hiyo hiyo. Papai lina maji mengi, linahitaji siku moja zaidi.

Shida ya embe ni kwamba linaiva mvua inapoanza. Mvua ikikukuta, usihamishie stoo, wala palipo na mafuta ya taa, wala kwenye bani la kukaushia tumbaku. Tazama kilichopo juu ya ungo wako. Usimpe mtoto kitu usichojua kilikaushiwa wapi. Ni afadhali maembe yaoze.

Mama yako alikuwa mwanafunzi wangu hodari kuliko wote. Mengine uliyoandika sina pumzi ya kuyajibu leo.

Eufrazia


Tabora,
10 Desemba 1995

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Yamekubali. Tulipata siku nne za jua mfululizo, na chupa tatu zimejaa. Gabrieli anapeleka shuleni, anabadilishana na wenzake kwa karanga. Mwalimu mwenzangu ameonja na kusema yanazidi yale ya dukani kwa Mhindi.

Nimeelewa pia ulichosema bila kukisema. Usimpe mtoto kitu usichojua kilikaushiwa wapi. Nilisoma hapo nikaweka barua chini. Miaka yote nilikuwa na sauti kidogo ndani inayoniuliza, je, kama siyo yeye? Sasa imenyamaza.

Mama alikuwa ameomba aje kutuona Pasaka, awaone wajukuu. Nimemwandikia asije na asitume tena kifurushi. Nimemwambia hata Mwalimu Eufrazia amenionya.

Ahsante kwa kunitoa kwenye mashaka. Mungu akupe nafuu.

Nyanzala


Kashaulili,
28 Desemba 1995

Nyanzala,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili ilikuwa kutafuta kama ni kweli jina langu limeandikwa pale.

Sikukuonya juu ya mama yako. Mwandikie leo hii umwambie hivyo, kabla hujamaliza kusoma hii.

Mama yako hakumlisha Minza sumu. Ni mara ya kwanza naandika maneno haya. Nilidhani nikiyaandika mkono utakataa, lakini umeandika tu kama unavyoandika majina ya wanafunzi.

Mwaka ule, 1977, mvua ilianza mapema. Siku ya Uhuru, tarehe tisa Desemba, palikuwa na maonyesho hapa mjini, na wageni walitoka mkoani, Sumbawanga. Mimi nilikuwa nimeahidi kuleta nyungo kumi za maembe makavu kutoka kwa akina mama wa vijijini. Jua hatukulipata hata siku moja. Baba yako alikuwa na bani, ile nyumba ndefu ya udongo ambayo ndani yake tumbaku hukaushwa kwa moto. Ilikuwa tupu, tumbaku ilikuwa bado shambani. Nikasema tukaushie humo. Akina mama walicheka, wakasema wageni watavuta maembe badala ya kuyala. Lakini yalikauka vizuri.

Juu kwenye miti ya kutundikia tumbaku palikuwa na gunia la dawa ya unga ya kuulia wadudu. Panya walikuwa wamelitoboa. Vumbi lake lilianguka kwenye nyungo mbili za nyuma. Minza aliingia mchana akala humo. Alifia njiani kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wakimpeleka zahanati.

Aliyechochea moto siku zote nne ni mama yako. Watu walichokiona ni mke mdogo aliyekuwa peke yake na chakula, na mtoto wa mke mkubwa aliyekufa. Hawakuhitaji zaidi.

Mimi habari ya gunia niliijua baadaye. Niliogopa, nikanyamaza. Madaktari wananipa miezi, labda siyo mingi. Sikutaka nife wewe ukiwa hujui.

Eufrazia


Tabora,
9 Januari 1996

Mwalimu,

Baadaye lini?

Nilikuwepo kwenye baraza la kijiji. Nilikaa karibu na mama, nimeshika upindo wa kanga yake. Walipomwuliza, mama alisema, "Mwulizeni Mwalimu." Wewe ulisimama. Ulisema kitu kifupi, watu wakaguna. Sikukisikia. Tangu pale mama hakufungua mdomo tena mpaka alipopanda lori. Nimemchukia kwa sababu ya ukimya ule kuliko hata kwa sababu ya Minza. Nilisema, mtu asiye na kosa angepiga kelele.

Kwa hiyo niambie. Ulisema nini? Na zile nyungo mbili, ni nani alijua zina vumbi kabla mtoto hajaingia?

Barua yako niliisoma asubuhi nikaenda kazini. Watoto wa darasa langu walisimama kunisalimia, nikawaangalia tu mpaka mmoja akasema, "Mwalimu, tukae?" Sisikii chochote moyoni. Fabiani anasema nitalia baadaye. Labda.

Usiniandikie tena habari ya kukausha matunda.

Nyanzala


Kashaulili,
22 Januari 1996

Nyanzala,

Unauliza kama mwalimu, nami nitajibu kama ninayesahihishwa.

Nilijua kabla.

Jumatatu ile, siku mbili kabla Minza hajafa, niliingia banini na mama yako. Aliinua kichwa akasema, "Mwalimu, hilo gunia linakohoa."

"Gunia linakohoa vipi, Pudensiana?"

"Kila tukifunga mlango linatoa vumbi. Nimwite mtu alitoe?"

Kulitoa kulihitaji ngazi, na mlango ukae wazi, na moto upoe. Maembe yalikuwa yamefika pale ambapo joto likikatika yanaota ukungu. Nilimwambia, "Usiache mlango wazi. Acha litulie." Alitii. Alikuwa anatii kila nilichomfundisha.

Alipotoka kuleta kuni nilikwenda nyuma kutazama. Vipande vya nyungo mbili vilikuwa na weupe. Nilifuta kimoja kwa gauni langu nikakionja. Baada ya muda midomo ikafa ganzi na ulimi ukawa mzito. Nilitema, nikasukutua. Kisha nikazisogeza nyungo zile mpaka ukutani, nikazifunika kwa gunia tupu. Sikumwambia mama yako. Sikuzitupa.

Utauliza kwa nini sikuzitupa. Nilikuwa nimeahidi kumi. Nilifikiri kwamba siku yenyewe nikiona nane ni chache, nitazipangusa zile mbili niziweke chini kabisa, mahali ambapo mgeni hafiki. Ndiyo sababu. Nimeitafuta nyingine kwa miaka kumi na minane ili nikuletee iliyo nzuri kuliko hiyo, sina.

Minza alifunua gunia. Mtoto akiona kitu kimefunikwa anafunua. Hilo nalo ni somo nililofundisha wazazi wengi.

Kwenye baraza mwenyekiti aliniuliza, "Mwalimu, hayo maembe yalikuwa na nini?" Nilijibu, "Niliyoyaacha mimi yalikuwa mazuri." Sentensi hiyo niliitunga njiani, nikitembea kuja pale. Niliipima ili isiwe uongo. Nyungo nane zilikuwa nzuri. Ila kila aliyenisikia alielewa kwamba kilichoingia kiliingia baada ya mimi kuondoka, na aliyebaki ni mmoja. Mama yako aliniangalia. Mimi nikaangalia karatasi zangu, ambazo hazikuwa na kitu.

Minza alizikwa tarehe nane. Tarehe tisa nilisimama kwenye meza yangu ya maonyesho hapa mjini. Mgeni wa heshima alikula vipande vitatu, akauliza siri yake ni nini. Nikamweleza juu ya limao. Nilipewa cheti. Sikulia siku hiyo wala siku nyingine. Watu wanasema dhambi inaunguza. Yangu haikuunguza. Nilifundisha, nilistaafu, nilikwenda misa. Kulikuwa na sehemu moja tu ndani yangu isiyosikia kitu, na kila mwaka ilipanuka kidogo, mpaka sasa sijui ukingo wake uko wapi.

Nimeandika nakala ya pili ya maelezo haya, bila mafumbo, nimetia sahihi na dole gumba mbele ya Anselmo, mtoto wa kaka yangu anayenitunza. Imo humu ndani. Msomee baba yako na mama yako mkubwa, mama yake Minza. Msomee mwenyekiti akitaka. Akina mama wa huko waliita kikundi chao kwa jina langu. Watajua wenyewe la kufanya.

Kisha nenda Mpimbwe. Usinijibu kwanza. Nenda.

Eufrazia


Kijijini,
17 Februari 1996

Mwalimu,

Naandika hii kwa ajili ya kumbukumbu yako, siyo salamu.

Nimeshuka treni Mpanda juzi na watoto. Nilifika mpaka sokoni Kashaulili, mtu akanionyesha nyumba yako. Nilisimama. Mary akasema anataka kukojoa, tukaondoka.

Jana nimewasomea. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Gunia nililitundika mimi." Akachukua fimbo yake akaenda kwa ng'ombe. Amezeeka sana, anatembea kama anayehesabu hatua.

Mama mkubwa alikaa pale pale. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kuondoka, na hajawahi kunipiga. Nilidhani atakulaani. Akasema, "Kumbe miaka yote nimemchukia bure. Sasa hii chuki niipeleke wapi, nami nimeshazoea kulala nayo?" Halafu akaniuliza kama watoto wamekula.

Kesho tunatafuta lori la Mamba, huko Mpimbwe kwa mama. Barabara imekatika sehemu mbili, wanasema tutashuka kusukuma.

Nyanzala


Mamba, Mpimbwe,
3 Machi 1996

Mwalimu Eufrazia,

Karatasi yako nimeisoma mwenyewe. Nyanzala alitaka anisomee nikamkatalia. Imenichukua siku tatu, maana herufi zako sasa zimelala kama mpunga uliopigwa na upepo. Kama najua kusoma ni kwa sababu yako, kwenye kisomo cha watu wazima. Hilo siwezi kulifuta.

Mwanangu alifika Jumatano. Alisimama mlangoni ana tope mpaka magotini. Akasema shikamoo mama, nikasema marahaba. Nikamwuliza umekula? Akasema bado. Nikaingia jikoni. Siku zote nilidhani akija nitapiga kigelegele mpaka majirani watoke. Nilisonga ugali. Sisi wawili hatujaongea mengi. Yeye ananifuata nyuma, kisimani, shambani, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Watoto wake wananiogopa kidogo kwa ajili ya meno yangu yaliyong'oka. Yule wa kike ameniuliza kama yaliibiwa.

Kuna kitu umekosea kwenye maandishi yako, nakisahihisha. Umemwambia Nyanzala kwamba nilikuangalia barazani. Ni kweli. Lakini hukujua kwa nini nilinyamaza, na yeye pia hakujua, sasa nimemwambia. Gunia lilikuwa la Malale. Mimi ningesema gunia, wangesikia mke mdogo anamsingizia mume kwamba kamwua mwanawe. Wangempiga yeye au mimi, na Nyanzala angebaki na nani? Wewe ungesema gunia, ingekuwa ajali. Watu wangelia, wangezika, yangeisha. Wewe tu ndiye ungeweza kulisema likawa ajali. Kwa hiyo nilisema mwulizeni Mwalimu, nikakungoja.

Nilikungoja na baada ya pale. Mwaka wa kwanza kila lori likisimama nilitoka nje kuangalia kama umeshuka. Mwaka wa pili pia. Baada ya hapo sijui nilikuwa natoka kwa nini.

Nyanzala anasema hutafika Pasaka. Anauliza nitakuandikia nini. Nadhani unataka neno moja ufe nalo, na ningekuwa nalo ningekupa, halinigharimu kitu. Nimetafuta. Hasira nayo nimeitafuta, haipo tena, sikumbuki iliisha mwaka gani. Kuna utulivu tu kama wa nyumba ambayo watu wamehama.

Padre anapita hapa Jumapili ijayo. Nitamwambia akutaje kwenye misa. Mimi mwenyewe nasali kila asubuhi kwa majina, wazima na waliokufa, Minza wa kwanza. Nikifika kwenye jina lako bado naliruka.

Pudensiana,
Mama Nyanzala